Mashine moja, mifumo miwili, domeni moja: namna ya kutoa majina

Maabara nyingi za kompyuta vyuoni zina mashine zinazowaka kwa mifumo endeshi miwili. Asubuhi darasa la uhasibu linataka Windows, mchana darasa la programu linataka Ubuntu, na fedha za kununua seti mbili hazipo. Fundi anagawa diski, anasimika mifumo yote miwili, kisha anaiunganisha na domeni ya chuo ili mwanafunzi aingie kwa akaunti yake ileile popote alipokaa. Jina analiandika lilelile pande zote mbili kwa kuwa mashine ni moja. Akirudi upande wa Windows, hakuna anayeweza kuingia, na skrini inasema: "The trust relationship between this workstation and the primary domain failed."

Tatizo hili linaepukika kabisa, na kuliepuka ni rahisi kuliko kulitibu. Mifano yote hapa inatumia domeni ya Active Directory (huduma ya Microsoft ya kusimamia akaunti za watu na kompyuta) niliyoiita ndani.mfano.ac.tz, inayotumiwa na idara kadhaa kwa pamoja. Badilisha jina hilo uweke la kwako. Kama domeni yako inaendeshwa na Samba, programu huria inayofanya kazi hiyohiyo, badala ya Windows Server, kanuni za majina ni zilezile.

Kwa nini jina moja halitoshi

Domeni haijui kasha lililo mezani. Inachokijua ni mfumo uliosimikwa. Kila mfumo unaojiunga hupewa akaunti yake, yenye jina linaloishia na alama ya $, na akaunti hiyo ina nenosiri refu ambalo hakuna binadamu analiona. Nakala moja ya nenosiri iko kwenye domeni, nyingine iko ndani ya mfumo wenyewe. Kwa kawaida mfumo hulibadilisha wenyewe kila baada ya siku 30.

Sasa tazama kinachotokea. Windows inajiunga kwa jina UHN-00147, akaunti UHN-00147$ inaundwa, na siri inahifadhiwa ndani ya Windows. Unawasha Linux kwenye mashine hiyohiyo, unajiunga kwa jina lilelile. Domeni inaona akaunti tayari ipo, kwa hiyo inaweka nenosiri jipya juu ya lile la zamani na kulikabidhi kwa Linux, ambayo inahifadhi funguo zake kwenye faili /etc/krb5.keytab. Windows imebaki na siri isiyofungua chochote. Ukiitengeneza Windows, Linux inatoka. Ukiitengeneza Linux, Windows inatoka.

Wapo wanaolazimisha: wanaweka siri moja pande zote mbili na kuzima ule mzunguko wa siku 30. Inawezekana, lakini sikushauri. Unabaki na nenosiri lisilobadilika miaka nenda miaka rudi, na kwenye kumbukumbu za seva huwezi tena kutofautisha kama aliyefungua faili alikuwa Windows au Linux. Mpe kila mfumo jina lake na akaunti yake, uendelee na kazi nyingine.

Hatua ya 1: Hesabu mifumo, usihesabu mashine

Kabla hujagusa kibodi ya mashine yoyote, fungua jedwali kwenye Excel au LibreOffice Calc. Kila mfumo uwe na mstari wake. Mashine 24 zenye Windows na Ubuntu ni mistari 48. Weka safu za namba ya mali ya chuo, namba ya kiwandani, anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao), chumba, idara, mfumo, na jina utakalolitoa. Jedwali hili ndilo litakaloamua mzozo siku idara mbili zitakapodai jina moja.

Hesabu hii ina faida nyingine ya haraka. Active Directory, isipoguswa, humruhusu mtumiaji wa kawaida kuunganisha kompyuta 10 tu, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye sifa iitwayo ms-DS-MachineAccountQuota. Kwa mifumo miwili kwa kila mashine, fundi mwenye akaunti ya kawaida atakwama akifika mashine ya sita. Suluhisho si kumpa nenosiri la msimamizi mkuu wa domeni. Msimamizi amkabidhi fundi ruhusa ya kuunda na kuunganisha akaunti za kompyuta ndani ya OU (folda ya akaunti kwenye domeni) ya idara yake pekee. Hapo ile 10 haimhusu tena, na wasimamizi wengi waangalifu huishusha hadi 0 kwa watumiaji wote.

Hatua ya 2: Tunga muundo wa jina

Hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi, kwa sababu jina likishasambaa kwenye domeni, DNS (huduma inayogeuza majina kuwa namba za IP), programu ya kuzuia virusi na orodha za masasisho, kulibadilisha ni kazi.

Anza na mipaka. Jina la NetBIOS, yaani jina fupi la kompyuta kwenye mtandao wa Windows, halizidi herufi 15. Tumia herufi A hadi Z, tarakimu, na kistari. Lisianze wala kuishia na kistari. Lisiwe tarakimu tupu, kwa hiyo namba ya mali peke yake haifai. Usiweke nafasi, na mstari wa chini uache, kwa kuwa DNS haiupendi.

Ile 15 ndiyo inayowaponza wengi wenye mashine za mifumo miwili. Chukua majina haya:

UHN-MAABARA-YA-PILI-014-WINDOWS
UHN-MAABARA-YA-PILI-014-LINUX

Yanasomeka vizuri na yanaonekana tofauti. Lakini kinachobaki baada ya kukatwa kwenye herufi ya 15 ni UHN-MAABARA-YA- kwa yote mawili. Sehemu inayotofautisha iko mwishoni, na mwisho ndio unaokatwa. Unakuwa umerudi kwenye jina moja bila kujua, tena kwa maabara nzima, maana mashine ya 015 nayo inakatwa palepale.

Muundo ninaoupendekeza una sehemu tatu:

IDARA-NAMBA-NAFASI

Idara ni herufi tatu: UHN kwa uhandisi, BSH kwa biashara, AFY kwa afya. Domeni ikiwa ya watu wengi, sehemu hii inazuia idara mbili kugongana, na msimamizi mkuu anajua ampigie nani simu. Namba ni ile ya mali iliyobandikwa kwenye kasha, tarakimu tano. Nafasi ni herufi ya familia ya mfumo na tarakimu moja: W1 kwa Windows ya kwanza, W2 kwa Windows ya pili kama ipo, L1 kwa Linux ya kwanza. Mashine yenye namba ya mali 00147 inapata:

UHN-00147-W1
UHN-00147-L1

Herufi 12, chini ya kikomo, na ukipanga orodha kwa alfabeti mifumo ya mashine moja inakaa pamoja. Shina UHN-00147 ni la mashine, mkia ni wa mfumo.

Kuna vitu viwili ninavyovikwepa kwa makusudi. Cha kwanza ni toleo la mfumo. Mashine iliyoitwa kitu-W10 ilionekana sawa hadi Microsoft ilipofunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiipandisha kwenda Windows 11 jina linadanganya, na ukilibadilisha unafuata kila mahali lilipoandikwa. W1 haijali toleo. Cha pili ni chumba. Mashine huhama: maabara inapakwa rangi, meza zinaharibika, mkuu wa idara anaomba moja ofisini. Namba ya mali inahama na mashine yake. Chumba kiandike kwenye sehemu ya maelezo ya akaunti, ambako kukibadilisha ni sekunde.

Usitumie jina la mtu pia. Mtu anaondoka, mashine inabaki na jina lake, na mrithi wake hataki kuulizwa kwa nini.

Kama bado hujaunda domeni yenyewe, usiipe jina linaloishia na .local. Kipande hicho kimetengwa tangu 2013 kwa ajili ya mDNS, ambayo Ubuntu na Mac huitumia kutafutana kwenye mtandao wa karibu, na mvutano wake na DNS ya domeni utakusumbua upande wa Linux. Tawi la jina halisi la chuo, kama ndani.mfano.ac.tz, ni salama.

Hatua ya 3: Andaa OU na akaunti mapema

Tengeneza OU ya maabara, na ndani yake mbili: Windows na Linux. Usizichanganye. Sera za Windows hazina kazi kwenye Linux, isipokuwa zile za nani anaruhusiwa kuingia: SSSD, programu inayoiunganisha Linux na domeni, huzisoma na kuzitekeleza. Sera ya kuzuia wanafunzi iliyokusudiwa Windows za ofisini inaweza kuwafungia nje ya Ubuntu, na utatafuta kosa mahali pasipo na kosa.

Kisha unda akaunti kutoka kwenye jedwali lako kwa PowerShell. Lihifadhi kama CSV, lenye safu za Jina, OU na Maelezo, na anwani ya OU iwe ndani ya alama za kunukuu kwa kuwa ina koma:

Import-Csv orodha.csv | ForEach-Object { New-ADComputer -Name $_.Jina -Path $_.OU -Description $_.Maelezo }

Angalizo moja. Tangu masasisho ya Oktoba 2022, Windows inakataa kujiunga kwa akaunti iliyokwishaundwa kama anayeunganisha siye aliyeiunda, isipokuwa muundaji awe miongoni mwa wasimamizi wakuu wa domeni, au sera ya domeni imeruhusu waziwazi. Kosa lake ni 0xaac. Njia nyepesi ni fundi yuleyule, kwa akaunti ileile, aunde na aunganishe. Mkigawana kazi, msimamizi aweke sera ya kuruhusu akaunti kutumika tena na ataje anayeaminiwa.

Hatua ya 4: Weka saa sawa kabla ya kujiunga

Hatua hii huwa inarukwa, na Afrika Mashariki madhara yake ni makubwa kuliko Ulaya Magharibi. Windows huandika saa ya mahali kwenye chipu ya saa ya mashine. Linux huandika saa ya UTC. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Ukitoka Windows saa nane mchana ukawasha Ubuntu, Ubuntu inasoma 14:00 na kudhani ni UTC, kisha inakuonyesha 17:00, saa kumi na moja jioni. Ukirudi Windows baada ya Ubuntu kuandika UTC, Windows inaona saa tano asubuhi.

Kerberos, inayothibitisha watu na mifumo kwenye domeni, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Tofauti ya saa tatu inavunja kuingia, na kosa unaloliona mara nyingi halitaji saa kabisa. Ndiyo, mifumo hujirekebisha ikipata seva ya saa kwenye mtandao, lakini mwanafunzi anaandika nenosiri lake kabla marekebisho hayajafika.

Fanya mifumo yote miwili ikubaliane na UTC. Kwenye Linux:

sudo timedatectl set-local-rtc 0

Kwenye Windows, kwa Command Prompt ya msimamizi:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f

Washa upya mara moja kila upande, hakikisha saa ni ileile, ndipo uendelee. Ukiwa hapo, zima pia Fast Startup ya Windows. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa bali inalala, na Linux inakuta diski ikiwa imeshikwa.

Hatua ya 5: Unganisha Windows

Kwa PowerShell ya msimamizi, badilisha jina kwanza, washa upya, kisha jiunge. Kufanya yote kwa amri moja kunawezekana, ila mara nyingine kujiunga kunafaulu na jina halibadiliki, ukabaki na akaunti ya DESKTOP-kitu kwenye domeni.

Rename-Computer -NewName UHN-00147-W1 -Restart

Mashine ikirudi:

Add-Computer -DomainName ndani.mfano.ac.tz -Credential NDANI\fundi -Restart

Akaunti ilikwishaundwa kwenye OU yake, kwa hiyo huna haja ya kutaja OU. Hakiki kwa:

Test-ComputerSecureChannel

Jibu liwe True. Kama mna BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), sasa ndio wakati wa kuiwasha na kuhifadhi ufunguo wa uokoaji kwenye domeni. Ufunguo huo hukaa chini ya akaunti ya UHN-00147-W1, jambo litakalokuwa muhimu sana siku ya kufuta akaunti.

Hatua ya 6: Unganisha Linux

Kwenye Ubuntu:

sudo apt install realmd sssd sssd-tools adcli krb5-user
sudo hostnamectl set-hostname uhn-00147-l1.ndani.mfano.ac.tz

Fungua /etc/hosts urekebishe ule mstari wa 127.0.1.1 ili uwe na jina jipya. Watu huusahau, na sudo inaanza kulalamika kwamba haimjui mwenyeji. Andika kwa herufi ndogo. Active Directory haijali ukubwa wa herufi, lakini Kerberos ya upande wa Linux inajali.

Kagua kama domeni inaonekana, halafu jiunge:

realm discover ndani.mfano.ac.tz
sudo realm join -U fundi ndani.mfano.ac.tz

Jina linatokana na lile uliloweka kwa hostnamectl, kwa herufi 15 za mwanzo. Hakiki kwa amri tatu:

sudo klist -k
sudo adcli testjoin
id fundi@ndani.mfano.ac.tz

Ya kwanza inaorodhesha funguo, nawe unatafuta UHN-00147-L1$ na si kitu kingine. Ya pili inajaribu kuingia domeni kwa funguo hizo. Ya tatu inaonyesha kwamba watumiaji wa domeni wanaonekana. Wanafunzi watahitaji folda zao ziundwe wanapoingia mara ya kwanza:

sudo pam-auth-update --enable mkhomedir

Sasa jaribio lenye maana kuliko yote: washa tena Windows uingie kwa akaunti ya domeni, kisha rudi Linux uingie tena. Zunguka hivyo kabla hujaendelea na mashine ya pili. Mashine moja iliyopimwa vizuri inakuokoa na marudio ya mashine 23.

Mtu mwenye Mac ya Intel yenye Windows ya Boot Camp afuate kanuni hiyohiyo, macOS ipate M1 na Windows ipate W1. Mashine pepe nayo, hata ikikaa ndani ya Windows, ni mfumo unaojitegemea, unaohitaji jina lake na mstari wake kwenye jedwali.

Hatua ya 7: DHCP na DNS

Majina mawili, kadi ya mtandao moja. Anwani ya MAC ni ileile kwa mifumo yote, hivyo seva ya DHCP, inayogawa namba za IP, inaweza kuipa mifumo yote namba moja ya IP, au ikawapa tofauti. Inategemea kitambulisho ambacho mfumo unakipeleka. Windows hupeleka kinachotokana na MAC. Ubuntu Server hupeleka kinachotokana na faili ya machine-id, kwa hiyo seva huiona kama kifaa kingine. Ukitaka ziwe namba moja, ongeza mstari huu chini ya kadi husika kwenye faili ya netplan:

dhcp-identifier: mac

Kwenye Ubuntu ya mezani, inayotumia NetworkManager, kinacholingana nacho ni ipv4.dhcp-client-id yenye thamani mac.

Kwa maabara naona namba moja ni bora. Unaitenga kwenye DHCP mara moja, na kanuni za ukuta wa moto hazibadiliki kulingana na mfumo uliowashwa. Ila ukichagua hivyo, DNS ipangwe kwa makini, kwa kuwa sasa uhn-00147-w1 na uhn-00147-l1 zote zinaelekeza palepale.

Rekodi za A, yaani za kutoka jina kwenda namba, ziache zisajiliwe na kila mfumo. Kila mmoja anamiliki ya kwake, hakuna mgongano. Mgongano uko kwenye PTR, ile ya kutoka namba kwenda jina. Kwenye DNS inayokubali masasisho salama pekee, aliyeandika rekodi kwanza ndiye mwenyewe, na mwingine hukataliwa. Windows ikiandika PTR, Linux haiwezi kuibadilisha, na namba itaendelea kujibu kwa jina la W1 hata Linux ikiwa ndiyo imewashwa.

Ninachokifanya ni kuwaondoa wote wawili kwenye PTR. Unda kwa mkono rekodi ya A ya shina, uhn-00147, kwenda kwenye namba iliyotengwa, na PTR inayorudi kwenye shina hilo. Zima usajili wa DNS kwenye nafasi hiyo ya DHCP. Upande wa Windows, sera ya domeni iwaambie wateja wasisajili PTR. Upande wa Linux, weka kwenye /etc/sssd/sssd.conf, chini ya sehemu ya domeni:

dyndns_update_ptr = false

na kwenye /etc/krb5.conf, chini ya libdefaults:

rdns = false

Mstari huo wa pili usiuache. Bila huo, programu za Kerberos kwenye Linux hugeuza jina kwa kutumia PTR, zinapata uhn-00147, zinaomba tiketi ya jina lisilo na akaunti, na zinakataliwa. Uweke kwenye kila Linux inayoziita mashine hizi, pamoja na kompyuta ya msimamizi.

Baada ya hapo una majina matatu yenye kazi tatu. Uhn-00147 unalitumia kupima kama mashine iko hewani na kuiamsha kwa mbali. Yenye w1 unaitumia kwa Remote Desktop na folda za Windows. Yenye l1 unaitumia kwa SSH, yaani kuingia Linux kwa mbali. Ukitaka kujua ni mfumo gani umewashwa sasa, uliza mlango, wa Remote Desktop (3389) kisha wa SSH (22):

Test-NetConnection uhn-00147 -Port 3389
Test-NetConnection uhn-00147 -Port 22

Na ukiona kosa la KRB_AP_ERR_MODIFIED unapofungua folda ya w1, usianze kutengeneza akaunti. Huenda umepata tiketi ya Windows ukaipeleka kwenye namba ambayo wakati huo inajibiwa na Linux, yenye funguo tofauti. SSH nayo ukiiita kwa namba ya IP itakuonya kwamba ufunguo wa mwenyeji umebadilika, kama Windows nayo ina seva ya SSH. Iite kwa jina na onyo linakwisha.

Ukikuta tayari mifumo miwili ina jina moja

Hapa mpangilio wa hatua ndio wenye uzito. Kwanza hakikisha una akaunti ya ndani ya msimamizi upande wa Windows, na nenosiri lake linafanya kazi. Windows iliyopoteza uhusiano na domeni, bila akaunti ya ndani, inakufungia nje.

Nenda Linux utoke kwenye domeni:

sudo realm leave

Usiongeze --remove. Chaguo hilo linafuta akaunti kwenye domeni, na akaunti hiyo ndiyo Windows inayoitegemea. Badilisha jina la Linux liwe lenye L1, kisha jiunge upya kama kwenye hatua ya 6.

Sasa nenda Windows, ingia kwa akaunti ya ndani:

Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential NDANI\fundi

Ikikubali, badilisha jina la Windows likiwa bado ndani ya domeni:

Rename-Computer -NewName UHN-00147-W1 -DomainCredential NDANI\fundi -Restart

Kubadilisha jina hivi hakuundi akaunti mpya. Ni akaunti ileile yenye SID (kitambulisho cha ndani cha akaunti) ileile, na funguo za BitLocker zilizo chini yake zinabaki. Ndiyo maana sitaki uitoe Windows kwenye domeni na kuirudisha, ingawa miongozo mingi husema hivyo.

Unaponakili diski kwenda mashine nyingi

Tengeneza nakala kabla ya kujiunga na domeni. Windows ipitishe Sysprep, zana yake ya kuondoa utambulisho wa mashine. Linux, kabla ya kuchukua nakala, futa /etc/krb5.keytab kama ipo, futa funguo za mwenyeji za SSH, na safisha kitambulisho cha mfumo:

sudo truncate -s 0 /etc/machine-id

Ukiacha machine-id ileile kwenye nakala zote, mashine zinazotumia kitambulisho hicho kwa DHCP zitagombania namba moja ya IP. Na ukirudisha nakala ya zamani ya mfumo uliokuwa kwenye domeni, unarudisha pia nenosiri la zamani. Hapo uhusiano huvunjika ingawa hukubadilisha jina lolote.

Kutunza na kufuta

Mfumo usiowashwa kwa miezi mingi haupotezi uhusiano kwa sababu ya siku 30. Anayeanzisha mabadiliko ya nenosiri ni mfumo wenyewe, na ukiwa umezimwa, domeni inaendelea kukubali la zamani. Hatari iko kwa msimamizi anayesafisha akaunti zilizolala. Kwenye mashine za mifumo miwili, upande mmoja hulala muhula mzima kwa sababu somo lake halifundishwi. Kwa hiyo kigezo cha siku 90 kinachofaa kwa ofisi hakifai maabara. Anza na 180, na uangalie matokeo kwa macho:

Search-ADAccount -ComputersOnly -AccountInactive -TimeSpan 180.00:00:00

Kabla ya kuamua, tafuta shina la jina. Kama W1 imeonekana wiki hii na L1 imelala, mashine ipo, muulize mwalimu wa somo. Kama zote mbili zimelala, nenda uone kama mashine bado ipo mezani.

Akaunti unayotaka kuiondoa, izime kwanza, usiifute. Iache imezimwa muhula mmoja. Ukiifuta, funguo za uokoaji za BitLocker na nenosiri la msimamizi wa ndani lililohifadhiwa na LAPS (zana ya Microsoft ya kutunza manenosiri hayo) vinafutika nayo, na kama Recycle Bin ya Active Directory haikuwashwa, kuvirudisha ni kwa nakala rudufu ya domeni nzima. Diski ikiwa bado ina kazi za watu, toa ufunguo wake uuhifadhi pembeni. Muhula ukiisha bila mtu kulalamika, futa akaunti, futa rekodi yake ya A kwenye DNS, na uandike tarehe kwenye mstari wake wa jedwali. Rekodi ya shina na nafasi iliyotengwa kwenye DHCP viache hadi mfumo wa mwisho wa mashine hiyo uondoke.